Nani Abiria, Nani Mzigo?

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze habari za mbwa. Najua wapo watakaocheka, na wapo watakaouliza kama mambo ya maana yamekwisha katika nchi hii hata tukae kumjadili mbwa. Nawaomba subira. Kisa chenyewe kinaanzia stendi ya Makambako, na kabla hatujaachana kitakuwa kimetufikisha angani.

Asubuhi moja ya baridi nilipanda Kosta pale Makambako niende Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi. Gari lilikuwa limejaa, na wanaoijua njia ile wanajua nina maana gani nikisema limejaa. Akaingia msichana mmoja amekumbatia boksi la mafuta ya kula lililotobolewa matundu ubavuni. Ndani ya boksi mlikuwa na mtoto wa mbwa, ametoka naye Dar es Salaam, anampelekea shangazi yake. Kondakta alipochungulia tundu akaruka nyuma.

"Dada, mbwa si abiria. Huyo anakwenda kwenye buti."

Msichana akamwonyesha kuku wawili waliofungwa miguu chini ya kiti cha mama mmoja. "Na hawa je, ni abiria?"

"Hawa ni kitoweo," akajibu kondakta, na gari zima likacheka.

Mabishano yakaanza. Wapo waliosema mtoto wa mbwa atakufa kwenye buti kwa vumbi na moshi. Wapo waliosema hawakulipa nauli yao ili wakae na mbwa. Bwana mmoja aliyevaa koti zuri akasema kwamba siku hizi huko Ulaya mbwa hupanda hata ndege, tena hukaa ndani na watu, na sisi Waafrika tumebaki nyuma. Hapo ndipo mzee mmoja aliyeketi dirishani, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, aliponena kwa mara ya kwanza.

"Zamani mbwa alikaa mbele na dereva," akasema, "na sisi tukakaa nyuma. Leo mnataka mumrudishe mbele?"

Gari likanyamaza. Nami nikajua kwamba nimekwisha pata mazungumzo ya wiki hii.

Mzee yule alikuwa akisimulia historia ya Njombe, tangu ilipokuwa wilaya ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, muda mrefu kabla haijawa mkoa mwaka 2012. Ardhi ile yenye baridi iliwavutia walowezi wa Kizungu. Walikuja wakulima wa chai na pareto, na mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza likaanzisha mashamba makubwa ya miwati, ule mti ambao magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Watu wa huko hawahitaji kuambiwa, maana mpaka leo miwati ndiyo mandhari ya mji wao.

Sasa mlowezi hakuwa na desturi ya kumwacha mbwa wake nyumbani. Alipokwenda mjini kuchukua barua zake posta, mbwa alipanda naye. Alikaa kebini, pua nje ya dirisha. Vibarua walipanda nyuma, juu ya magunia na magome, na mvua za kule si za mchezo. Mbwa hakulowa. Nimesimuliwa jambo hili na wazee wa Iringa, wa Mufindi na wa Njombe, watu wasiojuana, na maneno yao yanakaribiana mno. Hakuna aliyesimulia kwa hasira juu ya mbwa. Wanachokikumbuka ni ile nafasi tupu ya kiti iliyobaki kati ya mbwa na dereva, ambayo hakuna aliyethubutu kuiomba.

Wala isidhaniwe kwamba wazee hawa walimchukia mbwa. Mbwa alikuwa mtu wa maana katika kaya za Wabena na jirani zao. Aliwinda, alilinda mahindi dhidi ya nguruwe mwitu na nyani, na usiku alibweka kwa niaba ya wote. Lakini alikuwa na mahali pake, nje, karibu na majivu ya moto wa jioni. Kumwona mbwa amepewa mahali pa mtu ndiko kulikowachoma.

Jambo lenyewe halikuishia kwenye gari la mlowezi. Tuliposhika njia, yule mzee aliniambia kwamba mwaka 1958, akiwa kijana, alikwenda Tanga kukata mkonge. Alikuwa manamba. Vijana wa leo hulitumia neno hili bila kujua lilikotoka. Limetokana na namba. Mtu alipoandikishwa kwa mkataba wa kazi ya mashamba alipewa namba, na tangu siku hiyo namba ndiyo iliyosafiri, ndiyo iliyohesabiwa, ndiyo iliyoitwa.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, iliyojulikana kwa jina la Silabu, na Njombe ikawa mojawapo ya mahali ilipowapata watu wengi. Kabla ya hapo wengi walikwenda kwa miguu, majuma mazima, wakilala porini. Silabu ilileta malori. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba lori liliokoa miguu ya watu, na pengine maisha yao. Lakini hebu fikirini namna safari yenyewe ilivyokuwa. Watu walipakiwa, kisha wakapelekwa mpaka kwenye Reli ya Kati, wakapokewa kwa orodha, wakapelekwa tena Morogoro au Korogwe au Tanga, na kule mwisho wa safari karani akahesabu kama mzigo umefika kamili. Kwa lugha ya leo tungesema kila mmoja alikuwa na lebo yake.

Na ndege? Wengi wetu tunadhani ndege ni jambo la juzi katika nyanda hizi. Sivyo. Mwaka 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha njia ya barua na abiria kutoka London kwenda Cape Town, na ndege zake zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya. Kwa hiyo Mbeya iliona ndege ya abiria miaka 44 kabla ya reli ya TAZARA kukabidhiwa rasmi mwaka 1976 na Makambako kuwa mji wa stesheni. Kwamba aliyefyeka kiwanja hakuwa miongoni mwa waliopanda, hilo nadhani halihitaji ushahidi.

Baadaye kidogo Waafrika nao walipanda ndege, na ajabu ni kwamba wengi wa hao wa mwanzo hawakuwa wakubwa wala wasomi. Walikuwa vibarua wa migodi. Wenela, shirika lililoajiri watu kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, lilikusanya watu hata katika kusini magharibi ya Tanganyika, na katika miaka ya 1950 lilikuwa na ndege zake zilizopita Francistown, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Baada ya Uhuru serikali yetu ilikataza uandikishaji huo. Kwa hiyo ndugu zangu, mtu anaweza kukaa ndani ya ndege, kwenye kiti, na bado akawa amesafirishwa kama shehena. Na mbwa anaweza kukaa kwenye kebini ya lori akawa amesafiri kama bwana. Kiti peke yake hakimwambii mtu yeye ni nani.

Sasa turudi kwa yule bwana wa koti zuri, maana alisema jambo lenye ukweli ndani yake. Huko Ulaya mashirika mengi humruhusu mbwa mdogo kukaa ndani na mwenye naye, aghalabu asizidi kilo 8 pamoja na mfuko wake, na mfuko ukae chini ya kiti cha mbele. Mwaka 2025 Waitalia wakaenda mbali zaidi. Mamlaka yao ya usafiri wa anga ililegeza masharti ili hata mbwa wakubwa waweze kukaa ndani, na Septemba ya mwaka huo ndege ya majaribio ikaruka kutoka Milan kwenda Roma. Waingereza, ambao ndio waliotuletea mbwa wa kebini, wao ni wakali: mnyama wa kufugwa anayeingia nchini mwao kwa ndege huingia kama shehena, isipokuwa mbwa wa kuwasaidia wenye ulemavu.

Marekani walijaribu upole wakajuta. Sheria yao ya mwaka 1986 inakataza shirika la ndege kumbagua mwenye ulemavu, na kwa sababu hiyo mbwa anayemwongoza asiyeona hukaa naye ndani. Jambo jema kabisa. Lakini likazuka kundi la wanyama wa kuliwaza moyo, na kila aliyempenda mnyama wake akatafuta cheti. Mwanzoni mwa mwaka 2018 abiria mmoja alifika uwanja wa ndege wa Newark na tausi. Tausi, ndugu msikilizaji, mwenye mkia wake wote! Akakataliwa. Mwishoni mwa mwaka 2020 serikali yao ikatoa kanuni mpya: anayelazimika kupokelewa ni mbwa aliyefundishwa kazi ya kumsaidia mwenye ulemavu. Wengine wote ni hiari ya shirika, na mwenye mnyama hulipa.

Wapo wanaodhani kwamba mbwa akiwekwa chini, kwenye tumbo la ndege, amehukumiwa kifo. Si hivyo. Sehemu inayopakiwa wanyama hai huwa na hewa ya mgandamizo sawa na juu, hupashwa joto, na rubani hupewa taarifa ya maandishi kwamba chini kuna kiumbe. Hatari ipo, hasa kwa mbwa wenye pua fupi kama buldogi, ambao pumzi yao ni ya shida hata wakiwa nyumbani, na mashirika mengi huwakataa. Ipo pia ile hatari ya uzembe, na uzembe hauchagui juu wala chini. Machi 2018, katika ndege ya shirika la United iliyotoka Houston kwenda New York, mtoto wa buldogi alikufa ndani ya chumba cha abiria, kwa sababu mfuko wake uliwekwa katika sanduku la mizigo la juu ya vichwa. Alikuwa ndani, pamoja na watu, na wenye naye wameketi chini yake.

Kwa kweli buti la Kosta ya Makambako ni mahali pabaya kwa kiumbe hai kuliko tumbo la ndege. Buti halina hewa, na dereva hajui kuna nini humo. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sijapata kumwona kondakta aliyeisikia.

Halafu kuna kesi moja iliyonifikirisha sana. Mwaka 2019 abiria mmoja alikuwa akisafiri kutoka Buenos Aires kwenda Barcelona kwa ndege ya Iberia. Mbwa wake alikuwa mkubwa mno kukaa ndani, akapelekwa kupakiwa chini. Akiwa njiani kupelekwa ndegeni alichoropoka, akakimbia uwanjani, na hakuonekana tena. Abiria akadai fidia ya euro 5,000 kwa uchungu alioupata. Shirika likasema, tunakubali kosa, lakini tutalipa kiwango cha begi lililopotea. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Oktoba 2025 majaji wakaamua: katika mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga kuna abiria na kuna mizigo, na mbwa si abiria. Kwa fidia, basi, yumo katika mizigo.

Kondakta wetu wa Makambako angelipata shahada ya sheria siku hiyo.

Nchini mwetu wanyama na ndege tunavijua kwa njia nyingine. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa katika ndege ya jeshi la Qatar katika uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Doha kinyume cha sheria. Bunge liliwaka moto, na usemi kwamba hata twiga amepanda ndege ukaingia katika Kiswahili cha mitaani, ukimaanisha kwamba mwenye nguvu halikosi analolitaka. Lakini yupo pia Magawa, panya buku aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, akafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu na baruti zaidi ya 100. Alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na alikufa Januari 2022. Panya yule amewahi kupanda ndege kabla ya wengi wetu, na sidhani yupo Mtanzania aliyeona wivu. Alikuwa na kazi.

Nimefika mahali ambapo lazima niseme msimamo wangu, maana mchambuzi anayezunguka bila kutua ni sawa na ndege iliyokosa uwanja.

Mbwa wa asiyeona akae naye, awe ndani ya ndege, basi au treni, wala asitozwe senti. Huyo ni macho ya mtu, na hakuna anayeambiwa aweke macho yake kwenye buti. Hapa sioni mjadala.

Mbwa wa kufugwa ni jambo jingine, nami naanza na ugonjwa. Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema kwamba Watanzania wapatao 1,500 huenda walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi wao watoto wa vijijini. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na mbwa aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana mbwa anayetoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa na chipu chini ya ngozi, chanjo, kipimo cha damu kinachochukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha asubiri miezi mitatu. Wapo watu walioomba viza wakapata kwa muda mfupi kuliko huo! Lakini siwalaumu Wazungu kwa hilo. Nataka hata sisi tuwe wakali hivyo: asiye na cheti cha chanjo asipande, awe wa mkurugenzi au wa mchunga ng'ombe.

Pili ni jirani. Yupo ambaye kifua hubana akikaribiana na manyoya. Yupo Mwislamu ambaye mate ya mbwa yakigusa nguo yake hawezi kuswali nayo mpaka aitoharishe mara saba, na moja kwa udongo. Udongo utapatikana wapi kwenye ndege? Yupo mtoto aliyewahi kung'atwa. Hawa wote wamelipa nauli, na hawana pa kuhamia. Kwa hiyo mbwa akikubaliwa, awe mdogo, awe ndani ya kikapu kilichofungwa tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, na aliyeketi karibu aulizwe kwanza na apewe kiti kingine akikataa. Kama haiwezekani, ashuke chini, mahali penye hewa na joto, siyo kwenye buti.

Naona mtu atasema nimesahau neno la mzee. Sikulisahau. Mbwa wa kebini hakukaa mbele kwa sababu alikuwa mdogo, wala kwa sababu alichanjwa, wala kwa sababu jirani aliulizwa. Alikaa mbele kwa sababu ya aliyekuwa na kamba mkononi. Mambo hayo hayaondoki kwa bendera kushushwa. Mwenye madaraka wa leo akija uwanjani na mbwa asiye na karatasi, na karani akaogopa kumwuliza, tutakuwa tumerudi kwenye lori lile lile. Nami nimekwisha ona makarani wakiogopa mambo madogo kuliko hayo.

Pale Makambako yalimalizwa kwa fedha, kama kawaida. Kondakta alitoza nusu nauli, akaandika kwenye tiketi "mzigo 1," na msichana akapakata boksi lake. Mama mwenye kuku akasogea kumpisha. Tulipofika Njombe mzee alimgeukia msichana akamwuliza kama mbwa yule amechanjwa. Msichana akatoa kadi ya daktari wa mifugo. Mzee aliivuta karibu na macho, akaisoma mbele na nyuma, bila haraka, watu wakimsubiri mlangoni.

"Ina jina," akasema, akairudisha. Kisha akashuka, akauliza gari la Lupembe linakaa upande gani.